SSD ya Mkwe Imeingia, Kompyuta Haiioni

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, lakini tafadhali usinishauri nitupe kompyuta yangu, maana ushauri huo nimekwisha kupewa na kila mwenye mdomo hapa Kasoli na nimeukataa.

Jina langu ni Milembe. Nilizaliwa Ipililo, nikaolewa hukohuko, na nikiwa bado mke kijana tukahama na ng'ombe kwenda kusini, bonde la Rukwa, kwa sababu malisho yalikuwa yamekwisha na watu walisema kule nyasi zinamfika mtu kifuani, na ni kweli zilifika, tukakaa huko zaidi ya miaka arobaini, tukizaa na kuzika, tukiitwa wageni mpaka siku ya mwisho, kisha mume wangu akafariki, mifugo ikatakiwa kuondoka, na mimi nikarudi Simiyu nikiwa mzee, nikakuta Ipililo hakuna anayenijua na shamba la baba lina pamba ya watu wengine. Shemeji yangu Mahona, mdogo wa marehemu mume wangu, akanipa nyumba ya vyumba viwili kwenye kiwanja chake hapa Kasoli. Namshukuru. Ila shukrani haijawahi kuwa na maana ya kunyamaza.

Kule Rukwa nilikuwa na redio ya kaseti yenye kitufe cha kurekodi. Wazee waliohama nasi walipoanza kufa, niliona kwamba kila mmoja anakufa na Ipililo yake, basi nikawa nawafuata na redio ile majumbani mwao, nawauliza kisima cha akina nani kilikuwa wapi, zizi la nani lilikuwa upande gani wa mlima, wimbo upi wa kulimia uliimbwa kwenye shamba lipi. Mzee Ndalahwa peke yake alinitajia visima vyote vya Ipililo kutoka mashariki kwenda magharibi, na ladha ya maji ya kila kimoja, akikohoa katikati, na kwenye kisima kimoja anacheka peke yake na hasemi kwa nini. Katekista wa kule akanihamishia kaseti zote kwenye kompyuta ya mezani ambayo parokia ilikuwa inaiacha, akanipa na kompyuta yenyewe. Mwaka uliofuata mafuriko yaliingia nyumbani na kaseti zikaoza. Kwa hiyo sauti zile zipo mahali pamoja tu duniani, ndani ya sanduku lile, na wenye sauti wote wamekwisha kufa.

Sasa diski ya zamani iliyo ndani ya kompyuta imeanza kugonga. Nimesoma kadiri nilivyoweza kuhusu mambo haya, sikuzaliwa nayo lakini macho yangu bado yanasoma, na nimeelewa kwamba diski ya aina ile ina sahani inayozunguka na mkono mwembamba unaosoma juu yake, na kwamba mkono ukianza kugonga, siku ya mwisho haiko mbali, na kwamba SSD, diski ya aina mpya, haina kitu kinachozunguka wala kinachogonga, ndiyo maana watu wanaitumia kuzipa uhai kompyuta za zamani. Nikasema, basi nitafute SSD, nihamishe sauti zangu.

Binti yangu Monika ameolewa na Kasmiri, fundi wa simu na kompyuta pale Bariadi mjini. Ni mkwe mwema, sina neno naye. Lakini kompyuta iko chumbani ninakolala, na wewe unajua kwamba mkwilima haingii chumba cha mama mkwe wake, hata chumba kikiungua atamwaga maji kutoka nje. Aliomba apelekewe kompyuta mjini. Nikakataa, kwanza kwa sababu diski inayogonga ukiipakia kwenye bodaboda kwenye barabara yetu hii itafika Bariadi ikiwa maiti, na pili nitakuambia wewe ambaye hunijui: nimehamishwa vya kutosha katika maisha yangu, na meza ile nilipoiweka ndipo itakapobaki. Akaomba basi itolewe chumbani, iwekwe sebuleni aje aitazame. Nikakataa pia, sebule ni ya wageni wa Mahona, wanakaa humo kuzungumzia bei ya pamba mpaka giza liingie na kumwaga uji wao kila mahali.

Ndipo Kasmiri akamwagiza Monika: "Mwulize mama kama madabodi yake ina nafasi ya M.2." Monika akaja, tukafungua ubavu wa sanduku kwa bisibisi, akamulika kwa simu kwenye ule ubao mkuu unaobeba vitu vyote, tukaona nafasi nyembamba imelala, na pembeni yake pameandikwa M.2 kwa herufi nyeupe ndogo. "Ipo!" akapiga kelele kwenye simu palepale, na mumewe akanunua SSD ya umbo hilo, kipande chembamba kama rula ya mtoto iliyovunjika, akakileta kimefungwa vizuri, akampa Monika anipe.

Nilikifunga mimi mwenyewe. Kiliingia bila kulazimishwa, nikakaza skrubu yake, nikawasha. Kompyuta haikukiona. Nikazima, nikakitoa, nikakifuta, nikakirudisha, nikawasha. Haikukiona. Nikaingia kwenye BIOS, ile mipangilio inayotokea kabla kompyuta haijaamka sawasawa, nikasoma mstari kwa mstari: diski ya zamani imo, SSD haimo. Nikarudia kesho yake, na keshokutwa, na hali ni ileile.

Nikamwambia Monika amweleze mumewe. Monika akachukua simu, nikamsikia kwa masikio yangu: "Imekubali, baba Salu. Mama anakushukuru sana."

"Kwa nini umesema hivyo?"

"Mama, amenunua kwa moyo mweupe. Nitamwambiaje haifai?"

Jumapili Kasmiri akaja na soda, akakaa nje na Mahona karibu na dirisha langu, mimi niko ndani kama inavyopasa.

"Mwadila, mayu!" akaniamkia bila kuangalia dirishani.

"Mwadila, baba."

"Inakimbia?"

Nilikuwa navuta pumzi nimjibu ukweli, Mahona akaniwahi. "Haikimbii. Inapaa!"

Na wakati huohuo diski ya zamani ikaanza, ka, ka, ka, ka.

"Hiyo ni nini?"

"Kuku," akasema Mahona. "Kuna kuku anatagia mle chumbani."

"Kuku anagonga chuma?"

"Kuku wa Kasoli wana midomo migumu, mkwe. Kunywa soda yako."

Alipoondoka nilitoka nikamwambia Mahona kwamba nitasema ukweli na nitairudisha ile SSD ikabadilishwe dukani. Akaweka chupa chini. "Shemeji, kitu cha mkwe hakirudishwi. Ukikirudisha umemwambia aje achukue na ng'ombe wake wa mahari. Unataka kuvunja nyumba ya mwanao kwa ajili ya watu waliokwisha kuoza?" Monika akalia. Jioni mwanangu Method akapiga simu kutoka Dar, maana habari zilishafika: "Mama, tupa hilo sanduku, nitakununulia simu kubwa. Umri wako sasa ni wa kupumzika." Nikamwuliza kama simu yake kubwa itanitajia kisima hata kimoja cha Ipililo. Akasema, "Mama, visima gani tena, kuna bomba."

Mshauri, nimepoteza mahali nilipozaliwa na nimepoteza mahali nilipozeekea. Sauti zile ndizo kitu pekee kilichovuka pamoja nami, na sitakaa kimya nizisikilize zikigongwa mpaka zife ili watu waendelee kunywa soda kwa amani. Lakini pia binti yangu ni binti yangu. Niambie mawili tu: kwa nini kitu kiingie vizuri namna ile na kisionekane, na nimwambieje mkwe wangu. Ukiniambia ninyamaze, jua kwamba sitakutii.

Milembe, Kasoli

JIBU

Mama Milembe, shikamoo. Nimeitanguliza shikamoo kwa sababu nikishaanza kukugombeza sitaipatia nafasi.

Zima hiyo kompyuta. Usimalize kusoma, nenda kaizime kwanza, mimi nakusubiri. Umeandika mwenyewe kwamba uliwasha, ukazima, ukatoa, ukarudisha, ukawasha, na kesho yake tena, na keshokutwa. Kila ulipowasha kutafuta SSD mpya, ile diski ya zamani ilizunguka na kugonga pamoja nawe. Ulikuwa unamwamsha mgonjwa mahututi kila siku ili umwonyeshe kitanda kipya. Diski inayogonga huwashwa kwa kazi moja tu, kutoa kilichomo, na kila mara inaweza kuwa ndiyo mara yake ya mwisho.

Na kosa la pili ni zito zaidi. Kaseti zilipooza ulibaki na sauti mahali pamoja, miaka yote hii, ukaridhika. Wewe ni mtoto wa wafugaji. Mfugaji gani wa Kisukuma mwenye akili zake anaweka ng'ombe wote kwenye zizi moja? Baba zetu waliwagawa kwa ndugu na marafiki, ugonjwa ukiingia huku, kule wamebaki. Ulilijua hilo kwa ng'ombe ukalisahau kwa watu. Nakupa pole, lakini nakugombeza kwanza.

Sasa swali lako. Barua yako nimeisoma pamoja na Yakobo, fundi mitambo wa ofisi yetu, na anasema umefanya kila kitu sawa isipokuwa jambo moja, ambalo wewe, Monika na Kasmiri mmelikosa kwa pamoja. M.2 ni jina la umbo. Linakuambia kitu kitaingia. Halikuambii kama kitaelewana na madabodi. Ziko SSD za umbo hilo zinazotumia njia ya SATA, ileile inayotumiwa na diski yako ya zamani, na ziko zinazotumia njia nyingine ya kasi zaidi iitwayo NVMe. Nafasi ya M.2 kwenye madabodi nyingine za zamani hupokea SATA peke yake. Ukiweka NVMe itakaa vizuri, skrubu itakaza, na kompyuta haitaiona hata ukiifuta mara mia. Kuingia si kukubaliwa, mama. Hilo wewe uliyekaa Rukwa miaka yote ile si mtu wa kufundishwa na mimi.

Hakikisha, usikisie. Soma lebo ya SSD: itasema SATA au NVMe, wakati mwingine PCIe, ambayo maana yake kwa hapa ni ileile ya NVMe. Tazama pia ncha yake ya dhahabu: NVMe kwa kawaida ina pengo moja, SATA ya M.2 kwa kawaida ina mapengo mawili, ila lebo ndiyo shahidi mkuu. Kisha tafuta jina la madabodi, limechapwa juu ya ubao wenyewe kwa herufi kubwa kuliko nyingine. Kwa jina hilo unaingia, kwa simu ya Monika, kwenye tovuti ya kiwanda kilichoitengeneza, unasoma vipimo vyake, sehemu inayohusu diski, na pale pameandikwa wazi nafasi ile inapokea nini. Haya yote yanasomeka kompyuta ikiwa imezimwa na waya wa umeme umechomolewa. Na mtu akikuambia ubadilishe programu ya BIOS ili iikubali, mwambie asubiri. Huchezi na BIOS wakati sauti bado zimo kwenye diski inayokufa.

Kasmiri haingii chumbani kwako, na mimi sitamwambia aingie. Lakini Monika ana simu yenye kamera, aliitumia kumulika tu! Apige picha ya madabodi nzima, ya jina lake, ya ile nafasi, ya lebo ya SSD, ampelekee mumewe. Picha haina miguu, haijavunja mwiko wa mtu. Mngeanza hapo, Kasmiri angenunua kitu sahihi na mimi ningekuwa najibu barua ya mtu mwingine. Meza yako ibaki ilipo. Hapo nipo upande wako na sitaki kumsikia mtu.

SSD ya mkwe usiirudishe, na sababu si ile ya Mahona. Usiirudishe kwa kuwa unaihitaji leo. Kuna makasha madogo ya USB yanayotengenezwa kwa ajili ya kubeba SSD kama hiyo nje ya kompyuta. Kasmiri akutafutie moja, na ikiwa lebo imesema NVMe, awe mwangalifu liwe la NVMe, maana la SATA linafanana nalo sana na mtarudi palepale. SSD inaingia kwenye kasha, kasha linachomekwa kwenye tundu la USB, na madabodi yako haitajali tena njia gani inatumika ndani. Ndipo unawasha kompyuta, mara moja, na unanakili. Anza na zile sauti ambazo ukizipoteza hutapata usingizi. Nakili kidogo kidogo. Faili moja likigoma, liruke, endelea na linalofuata. Diski ikinyamaza kabisa, zima, na usimruhusu mtu yeyote aifungue mezani kwa bisibisi, wala wewe. Wapo mafundi wa kuokoa data katika miji mikubwa na ndio wapelekewe.

Kompyuta yenyewe itengenezwe baada ya hapo. Mwambie Kasmiri aangalie kwenye picha kama kuna tundu la SATA lililo wazi na waya wa umeme wa SATA uliobaki. Vikiwapo, SSD ya SATA ya inchi mbili na nusu itakaa na kompyuta yako bila ugomvi. Na Method, anayetaka kununua simu kubwa, anunue badala yake diski ya nje, apelekewe nakala, aitunze Dar. Hiyo ndiyo kazi ya mtoto anayeishi mbali.

Nimefika kwa Mahona. Mzee Mahona, kwa heshima yote, umechanganya mambo. Mimi nimekulia Dutwa, nimeona ng'ombe wa mahari wakiletwa. Wazee wanawazunguka, wanafungua midomo, wanakamata mikia, anayechechemea anakataliwa palepale kwa kejeli ambazo siwezi kuziandika hapa, analetwa mwingine, na jioni pande zote mbili zinakula pamoja. Ng'ombe walikaguliwa mbele ya watu ili ndoa isianze na uongo. Kukagua hakujawahi kuwa tusi kwetu. Tusi ni kumwambia fundi wa kompyuta kwamba kuna kuku anagonga chuma.

Kwa sababu alijua, mama. Fundi anayeishi kwa kazi hiyo hawezi kuikosea sauti ya diski inayogonga. Alijua Jumapili ileile kwamba SSD yake haifanyi kazi na kwamba nyumba nzima inamdanganya, akanywa soda akanyamaza, kwa heshima yako. Mpaka leo anajiuliza amekukosea nini hata usitake kumwambia. Mnasema mnamlinda asiaibike, na aibu amekwisha kuibeba, tena peke yake. Na wewe Monika, mdogo wangu, futa machozi. Mume aliyeagizwa kununua bila kupewa macho hakufanya kosa. Aliyemfungia mlango wa kuujua ukweli ni wewe, na wewe ndiye utakayeufungua.

Usitume mshenga, mama. Jumapili mlisemezana kupitia dirisha na hakuna aliyekufa. Mwite, akae palepale nje, umwambie kwa sauti yako: "Baba, SSD yako imeingia ila madabodi haiioni. Nadhani ni NVMe na nafasi ni ya SATA. Picha hizi hapa. Nitafutie kasha." Usiongeze samahani, hukukosa. Usiongeze sifa, hakuziomba. Utasikia atakavyojibu haraka, maana atakuwa amesubiri.

Sauti zikishakuwa mahali patatu, bado kazi haijaisha. Umenieleza Ipililo ya kila mtu, na yako hujaisema hata kwa mstari mmoja, na ukiondoka wewe hakuna mwingine wa kuisema. Mtume Monika akanunue maikrofoni. Funga mlango, wageni wa Mahona wapige kelele zao huko sebuleni, na uanze na nyumba uliyozaliwa.

Kabula, mshauri wenu